Kijifuko Kitupu cha Bi Hatch

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni shangazi yangu Verla Kropp, jikoni kwake Zanesville, Ohio, majira ya baridi ya mwaka 2003, wiki ile daktari alipomwambia kwamba hatapona. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia akiitaja.

Mwaka 1991 mumewe, Wendell, alikuwa mnyapara katika kiwanda cha vigae, na nyumbani alikuwa mkusanyaji wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji. Kadi zake za utotoni, za mwaka 1975, alizihifadhi katika boksi la viatu. Alipokwenda jeshini mama yake akazitupa, kama mama wengi wa mtaa ule walivyofanya. Tangu hapo alizitafuta upya, moja moja. Aliishika kadi kwa kingo tu, kwa ncha za vidole. Kadi iliyokunjika kona aliiita maiti.

Juni hiyo Bi Opaline Hatch, mjane aliyeishi mwisho wa barabara, alipanga vyombo vyake uani aviuze kwa bei ya chini, maana alikuwa anahamia kwa dada yake. Kati ya pasi na sufuria ilikuwepo albamu ya marehemu mwanawe Corwin, aliyezama kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji nyuma ya mji. Kadi zote za 1975 zilikuwamo, safi, kila moja katika kijifuko chake cha plastiki. Kijifuko kimoja tu kilikuwa kitupu: cha mchezaji Duke Ransaw, kadi ya mwaka wake wa kwanza uwanjani.

"Hicho kiache kitupu," Bi Hatch alimwambia Wendell alipokuwa akiilipia.

"Mama, mkusanyaji hawezi kulala na pengo."

"Basi usilale. Ila kiache."

Wendell alicheka. Kadi za Ransaw alikuwa nazo mbili, moja safi na moja maiti. Alipofika nyumbani alishuka chumba cha chini, akaichomeka ile safi mahali pake, akaita juu, "Verla! Imetimia!"

"Na viazi vimepoa," Verla akajibu.

Asubuhi yake chumba cha chini kilinuka chingamu. Ile nyembamba ya waridi, ngumu kama kigae, iliyokuwa ikifungwa pamoja na kadi zamani. Katika nyumba ile hapakuwa na hata kipande.

Kisha ikaja sauti. Tk-tk-tk-tk. Kila aliyekulia mtaa ule aliijua: mtoto hubana kadi kwenye baiskeli kwa kibanio cha nguo, spoki ziipige gurudumu likizunguka. Lakini baiskeli haikuwemo ndani.

"Baba, nani anaendesha baiskeli chini?" aliuliza Joylene, binti yao wa pekee, mwenye miaka minane.

"Ni bomba la maji, kipenzi."

"Bomba linakata kona?"

Wendell akaufunga mlango wa chumba cha chini. Siku zilizofuata Joylene aliacha kula, akawa anatafuna mchana kutwa na kinywani hamna kitu. Nywele zake zikawa zinachuruzika maji mezani wakati wa kifungua kinywa, ilhali hakuwa ameoga, na Verla alipozikausha kwa taulo, taulo lilitoka na chembechembe za vumbi la mawe.

Verla alikimbia kwa Bi Hatch, akamkuta akifunga masanduku.

"Ni mwanao?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Laiti angekuwa Corwin. Corwin ndiye wa kwanza kuisikia ile sauti. Hicho ni kitu cha kule machimboni, mwanangu, hakina mama. Kilipomaliza kwa Corwin kilihamia kwangu, mpaka nilipokitupia majini kadi aliyoipenda kuliko zote. Kikatulia. Mradi kijifuko ni kitupu, kinajua kadi ni yake. Mumeo amekijaza. Sasa kinaona kimenyang'anywa."

"Kwa nini hukuichoma albamu?"

"Niliogopa. Mwambie akaitupe hiyo hiyo aliyoichomeka. Si nyingine."

Verla alimwambia Wendell neno kwa neno. Wendell alimtazama binti yake akitafuna hewa, akachukua koti, akatoka. Aliporudi viatu vilikuwa na tope.

"Umeitupa?"

"Nimetupa."

"Ile yenyewe?"

"Verla, nimetupa, basi!"

Sauti ilikoma. Joylene akala mahindi mawili na kuomba la tatu, akamtania baba yake kwamba bomba limepona bila fundi. Verla aliingia stoo akalia kwa furaha peke yake.

Jumapili walitoka kanisani, Wendell akawasha mkaa uani, Verla akawa anakata nyanya, na jua lilikuwa kali, na jirani alikuwa anakata majani kwa mashine, ndiyo sababu Verla hakuweza kusema ilianza lini, alichojua ni kwamba mashine ilizimwa na tk-tk-tk ikabaki, ikatoka chini, ikapanda ngazi, ikapita nyuma ya mgongo wake na ile harufu tamu iliyochacha, ikatoka mlango wa mbele bila mlango kufunguka, ikaenda ikififia kuelekea machimboni, naye akaita Joylene, akaita tena, akashuka ngazi huku kisu kingali mkononi.

Joylene hakuwepo. Albamu ilikuwa wazi juu ya meza, na katika kijifuko cha Ransaw mlikuwa na kadi yenye kona iliyokunjika, imelowa, maji ya machimbo yakitiririka ndani ya plastiki.

Verla alimwita mumewe, akamwonyesha.

"Ile nyingine ilikuwa haina hata kasoro moja," Wendell alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani jini halitaitambua kona iliyokunjika."

Walimtoa Joylene majini jioni. Kadi safi ilikuwa mkononi mwake, ameishika kwa kingo tu, kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa.

Bi Hatch alifariki kwa dada yake mwaka 1996. Shangazi Verla alifuata Machi 2004. Wendell yu hai, katika nyumba ya wazee, na albamu anayo. Kadi iliyo katika kijifuko kile haijakauka.