Makaa ya Magunzi

Kila jioni Ciku akitoka shule alitupa mkoba kitandani, akavaa ndara, akazunguka nyuma ya kibanda cha mama yake hapo Kiandutu, Thika. Huko kulilala mfuko mkubwa mweusi, umetuna kama ng'ombe aliyeshiba. Maganda ya viazi, ugali uliobaki na maharagwe yaliyochacha yaliingia upande mmoja. Gesi ilitoka upande wa pili, ikaenda kuivisha githeri ya mahindi na maharagwe.

Hapo awali mfuko huo uligomagoma kutoa gesi. Cucu Idah, nyanya yake Ciku, ndiye aliyeupatia dawa. Alichoma magunzi ya mahindi ndani ya debe lenye kifuniko, hewa ikiingia kidogo tu, yakawa makaa badala ya majivu. Akayaponda, akayachanganya na mabaki ya chakula.

"Makaa haya yana vitundu," alieleza. "Vijidudu vinavyotengeneza gesi hujishikiza humo kama nyuki mzingani."

Tangu siku hiyo moto ukawa wa samawati, wa kupendeza, hata majirani wakaja kuutazama tu. Mama Ciku, ambaye moshi wa kuni ulikuwa umemharibu kifua, akaanza kulala bila kukohoa. Kazi ya makaa akapewa Ciku.

"Wewe, umeolewa na hilo debe?" Nadira, rafiki yake, alimcheka. "Kuja tucheze kati, mpira ninao!"

Ciku akaenda. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa.

"Umeweka makaa?" mama aliuliza kila jioni.

"Nimeweka."

Gesi ikaanza kupungua. Ciku akaona labda mfuko una njaa. Kwa siri akaumiminia ndoo nzima ya ugali na chapati zilizobaki kwenye harusi ya jirani.

Asubuhi mfuko ulikuwa umenywea, unanuka uchachu. Mama akawasha jiko la kuni. Moshi ukajaa kibandani, akakohoa mpaka akashika ukuta, mwiko mkononi.

"Basi turudi kwa kuni," alisema akifuta machozi. "Mfuko umekufa. Leo nautupa."

"Usiutupe, mama!" Ciku alilia. "Ni mimi. Sikuweka makaa, nilikuwa nacheza. Halafu nikaushindilia ugali."

"Ngai!" Cucu akashika kichwa. "Ndoo nzima? Hata wewe ungevimbiwa! Haya, futa kamasi, kazi ipo."

Wakaacha kuulisha mfuko ili upumzike. Ciku akaomba kwa jirani kinyesi kibichi cha ng'ombe, chenye vijidudu vipya vya kuutia mfuko, akachoma magunzi bila kubanduka kando ya debe. Nadira alipokuja, safari hii hakucheka. Alikaa chini akaponda makaa hadi pua ikawa nyeusi. Mama aliendelea kukohoa, na kila alipokohoa Ciku alikimbia kuubonyeza mfuko.

Jumapili moja, kabla ya kanisa, mfuko ulimsukuma mkono. Cucu akawasha kiberiti. Moto wa samawati ukasimama, na mama akateleka sufuria ya chai akitabasamu.

"Mjukuu wangu," Cucu alisema, "mfuko hula ulichoupa, si ulichosema umeupa. Lakini nakusifu. Ulisema ukweli ulipokuwa mgumu kusemeka. Ungenyamaza, mfuko ungekuwa jalalani, na mama yako angekuwa bado ndani ya moshi."

Ciku alikuwa ameshachukua debe kwenda kuchoma magunzi mengine.