Ndoo ya Jumatatu

Jumatatu moja, duka la dobi likiwa limejaa wateja hadi mlangoni, msichana aliyevaa buti za mpira za manjano alipenya katikati ya mashati yaliyoanikwa.

"Kaka, beseni lako limekalia kisima changu."

"Dada, hapa tunafua tu."

Lakini dobi alilisogeza. Chini palikuwa na mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko bomba jembamba la kupimia maji ya ardhini. Msichana alipaka futikamba chaki, akaiteremsha, akaivuta, akasoma pale chaki ilipolowa.

"Unatafuta nini humo?"

"Mvua. Ardhi ya bonde hili inakunywa kiasi gani, na mji unavuta kiasi gani. Tukivuta kuliko inavyokunywa, utafua kwa mate."

Dobi alicheka. Msichana hakucheka.

Dobi akambandika msichana jina la Futi. Kila Jumatatu alikuja, na kila alipokuja, mama yake dobi alinong'ona kutoka kwenye pasi: "Mwanangu, anapima kisima huyo, au anakupima wewe?"

Wakapendana. Lakini maji yalizidi kushuka, na uso wa Futi ukashuka nayo. Dobi hakuweza kuvumilia. Asubuhi moja, kabla Futi hajafika, akamimina ndoo ya maji bombani.

"Mvua ya juzi imefika!" Futi akamrukia shingoni.

Ndoo ikawa desturi. Baada ya miezi mitatu, simu ililia.

"Mpenzi, kisima chako kimeniokoa! Mtaa mzima hauna kingine cha kupimia. Nimeandika kwenye ripoti kwamba ardhi inajaa vizuri. Wakubwa wangu kazini wameruhusu visima vinane vya kuvuta maji nyuma ya ukuta wenu."

Dobi akaitazama ndoo. "Futi... nilikuwa namimina ndoo."

"Ndoo gani?"

"Kila Jumatatu. Nilitaka ucheke."

Simu ikakatika.

Wiki mbili hakuja. Nyuma ya ukuta mashine ya kuchimba ilianza kutwanga, na vifungo vya mashati vikatetemeka kwenye kopo dukani.

Jumatatu ya tatu akatokea, buti zile zile, macho yamevimba.

"Umemimina leo?"

"Sijagusa." Dobi alimpa mfuko wa vitambaa vidogo, vile vya kutilia alama nguo za wateja. "Kila ndoo niliiandikia tarehe. Ni mazoea ya kazi."

Futi alivipitia kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na vitatu.

"Kesho naifuta ripoti yangu mbele ya wakubwa. Watanifukuza."

"Nitasimama nawe, niseme ndoo ilikuwa yangu. Tukitoka huko, nikuoe."

"Mjinga wewe," alisema, sauti ikilegea. "Haya, shika futi."

Wakateremsha pamoja. Futikamba ilipita kina cha maji cha Jumatatu ya kwanza, ikazidi kushuka, mpaka ikagonga chini ya bomba kwa mlio mkavu. Wakaivuta. Chaki ilikuwa nyeupe mwanzo hadi mwisho.

Futi akamshika mkono, akaubana. Nyuma ya ukuta mashine iliendelea kutwanga.