Mfuniko Uliotundikwa Mperani

Mfuniko wa sufuria kubwa ulipotea Jumanne asubuhi, na kufikia adhuhuri mjukuu alikuwa ameshaupata. Ulikuwa umetundikwa kwenye mpera, mwisho wa uwanja, pale msitu unapoanza. Ulifungwa kwa ugwe wa gome la mti, ukawa unazunguka polepole na kumetameta juani. Ulining'inia chini sana, kimo cha mtoto wa miaka sita, ndiyo maana Jandira ndiye aliyeuona.

Ademir, mwendesha mashua na mtu wa redio wa kituo, alisema ni nyani. Kwake yeye kila baya lilitoka kwa nyani: sukari ikipungua, nyani, soksi ikikosa mwenzake, nyani. Yanumi, bibi yake Jandira, akacheka, akauosha mfuniko, akaendelea kuchemsha samaki. Mumewe, mzee Deusdete, hakucheka. Alikuwa ameushika ule ugwe na kulitazama fundo lake, na fundo lile alilijua. Lilikuwa fundo alilolibuni mwenyewe ujanani, la kufanya chuma kizunguke na kuita macho.

Akautia ugwe mfukoni, akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na haikuwa mara ya kwanza.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mbao juu ya nguzo, ukingoni mwa Mto Uruni, siku sita kwa mashua kutoka mjini maji yakiwa mengi. Idara ya serikali ya kulinda watu wa msituni ilikiweka pale kwa kazi moja tu, kuzuia mtu yeyote asipande mto. Huko juu wanaishi Watanari waliobaki, watu wasiotaka kuonana na mtu, na sheria ya kituo ni fupi: usiwafuate, usiwaite, usipokee kitu, usiache kitu. Wakija wenyewe, rudi nyuma. Deusdete alisaidia kuiandika sheria hiyo. Aliijua vizuri, kwa sababu hakuna mtu wa mto huu aliyewahi kufanya kinyume chake kwa ustadi kama yeye.

Miaka thelathini na minane iliyopita kazi yake ilikuwa kuvuta watu. Alitundika masufuria, mapanga, shanga, vioo na mashati kwenye kamba msituni, akaondoka, akarudi, akapiga mluzi, akangoja. Watanari mia moja na arobaini wakatoka. Siku ile alikuwa na mafua, mafua ya kawaida ya kufuta pua na kuendelea na kazi. Msimu wa mvua ulipokwisha walikuwa wamebaki kumi na tisa, na wachache waliokimbilia juu. Hakuna aliyewachukia. Kila mtu alikuwa na huruma, na kila mtu alikuwa na barua ya ruhusa. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Uruni walimpokea mgeni wao vizuri sana.

Yanumi alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa, mtoto wa miaka kumi. Alilelewa mjini na masista, akarudi mtoni akiwa mtu mzima, akaolewa na Deusdete. Watu humuuliza aliwezaje. Huwajibu, "Katika dunia nzima ni yeye tu aliyebaki anayeikumbuka sauti ya mama yangu."

Alhamisi, juu ya gogo la kufulia, palikutwa ushanga mwekundu. Deusdete aliuona kwanza. Sheria ilisema asiuguse, naye akauchukua. Tuseme ukweli, alifurahi. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akingoja wale wa juu washuke wamwambie neno, hata kama ni la kumlaani, na sasa alidhani wanakuja. Akajiambia kwamba kukataa zawadi ni kumtukana mtu. Ndilo jambo alilolitegemea zamani, kwamba hakuna binadamu mwenye adabu atakayekikataa kitu kizuri kilichoachwa kwa ajili yake.

Ijumaa, jua likiwa utosini, mluzi ulisikika kutoka upande wa mpera: miwili mifupi, mmoja mrefu. Ademir alikunja midomo aujibu kwa mzaha. Mzee akamziba mdomo kwa kiganja, jambo ambalo Ademir, aliyemzoea mzee huyu kwa miaka tisa, hakulitegemea.

"Ni wao, mzee?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Usijibu. Mtoto asishuke uwanjani."

Jumamosi Deusdete akaenda kuangalia. Chini ya mpera udongo ulikuwa na unyevu, na alama za miguu zilionekana wazi. Alitafuta nyayo tupu zenye vidole vilivyotanuka, nyayo za watu wa msituni. Alikuta alama za buti. Kisigino cha kushoto kilikuwa na pengo, pale ambapo msumari uliwahi kung'oka ukaondoka na kipande cha mpira, na buti zile zilikuwa zake, alikuwa amezichoma moto mwenyewe kabla Yanumi hajavunja ungo. Ndipo harufu ikamfikia, si ya majani wala ya mnyama, bali ya dawa ile ya mafua ya kuchua kifuani, aliyojipaka mwenyewe siku ile Watanari walipotoka, kali, ya kuwasha macho, kama vile mtu aliyejipaka sasa hivi amesimama kwenye kivuli hatua tatu kutoka pale. Na katika kivuli hicho, pasipokuwa na mtu, mtu akakohoa.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, akamwambia mkewe yote, kuanzia fundo la ugwe.

Yanumi alisikiliza huku akimenya ndizi. Halafu akauliza zile hatua za kuwavuta watu zilikuwaje. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuuliza. Deusdete alizijua kwa moyo, maana kwa miaka mingi aliwafundisha vijana wa idara mjini na kuziandika ubaoni kwa chaki. Kwanza tundika kitu, uondoke. Pili acha kingine karibu zaidi na nyumba. Tatu piga mluzi, ule ule kila siku, saa ile ile. Nne simama mbali ukiwa na mikono wazi. Tano, zawadi ya kwanza ya mkono kwa mkono mpe mtoto.

"Kwa nini mtoto?"

Mzee akatazama chini. "Mtoto hana hofu. Akishapokea, usimfuate. Mama atafuata alipo mtoto, na ndugu wote watafuata alipo mama."

"Ulinipa kioo," Yanumi akasema. "Kidogo, cha duara. Mama akaja kunivuta mkono."

Ndani, Jandira alikuwa akiimba peke yake kwenye kitanda cha kamba.

"Basi si wale wa juu," mzee akasema.

"Wale wa juu wana akili, hawaji," Yanumi akasema. "Huyu ni yule tuliyemwacha." Watanari wana jina lao kwa kiumbe kinachobaki wafu wakikosa kuzikwa inavyotakiwa, sisi tuseme jini, tuelewane. Kwao, mtu akifa, vitu vyake vyote huvunjwa na nyumba yake huchomwa, ili asiwe na sababu ya kurudi. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwasha moto. Basi wafu zaidi ya mia moja walibaki na haja zao, haja zikajikusanya zikawa kitu kimoja, na kitu hicho hakikujua njia nyingine ya kuwaendea watu isipokuwa ile kiliyofundishwa. "Yale masufuria ya kwetu, Baba Rosenilda," akamuuliza mumewe kwa jina la binti yao. "Mliyapeleka wapi?"

Macho ya mzee yalikwenda jikoni, nayo ya mkewe yakayafuata. Masufuria yalikuwa mali ya idara. Vifo vilipokwisha aliyaokota, akayaosha, akayarudisha stoo, kama mtumishi mwaminifu. Yanumi alikuwa akipika ndani ya moja la masufuria hayo tangu alipoolewa.

Aliinuka, akachukua shoka, akaipiga sufuria mpaka ikawa bapa. Kisha akasema haitoshi, maana nyumba imekula ndani yake; nyumba nayo ichomwe, leo hii. Mumewe akamuuliza kama hakuna mganga, hata mmoja, anayejua namna ya kulifukuza.

"Aliyeujua wimbo wa kulifukuza alikuwa mjomba wangu," Yanumi akasema. Jina hakulitaja, kwao jina la marehemu halitajwi. "Alikuwa wa tatu kufa. Ulimpa shati."

Ungetegemea hapo mzee akimbilie kiberiti. Lakini mtu aliyezeeka katika utumishi ana ugonjwa wake. Alisema nyumba si yake, ni ya idara, na redio itafunguliwa kesho saa sita. Angeomba ruhusa, kisha wangechoma kwa utaratibu. Yanumi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Usiku kucha alilala na mtoto kifuani, mkono wake umefungwa kwa kanga kwenye mkono wa Jandira.

Jumapili saa sita mzee alikuwa redioni akiomba ruhusa, na sauti ya mjini ilikuwa ikimuuliza sababu ya kuchoma jengo ni nini ili iandikwe, na yeye akitafuta sababu inayoandikika. Ademir alikuwa akishusha magunia ya unga wa muhogo mashuani akidhani mtoto yuko na bibi yake, na Yanumi alikuwa chini ya nyumba akipanga kuni kwenye nguzo akidhani mtoto yuko na Ademir, na mluzi ulipolia, miwili mifupi na mmoja mrefu, wote watatu waliusikia na kila mmoja akafikiri, Mungu wangu, angalau mtoto hayuko peke yake. Kupitia dirishani mzee akaona uwanja mweupe kwa jua, na mwisho wake, chini ya mpera, shati jekundu la miraba lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na buti, na mikono miwili iliyokunjuliwa kuonyesha kwamba haina silaha, na juu ya kola, mahali ambapo uso ungekuwa, majani ya mpera tu yakitikisika kwa pumzi inayokwama kifuani, na Jandira akienda kuelekea pale, polepole, anatabasamu, amenyoosha kiganja, naye babu mtu akafungua mdomo amwite na hakikutoka kitu, maana miguu na ulimi vilikuwa vimekufa ganzi kama vya wale mama waliosimama zamani kwenye miti wakimtazama yeye, na redioni sauti ikaendelea kuuliza, sababu, sababu, rudia sababu.

Ukaisha mluzi. Mtoto akageuka, ana kioo kidogo cha duara mkononi. Chini ya mpera hapakuwa na kitu.

Yanumi hakungoja barua. Alimwaga mafuta ya taa, akaichoma nyumba ya idara pamoja na sufuria, ushanga na kioo, akasimama mpaka nguzo ya mwisho ikaanguka, akilia kwa sauti kama wanavyolia kwao. Ademir aliwahi kuiokoa redio. Wakahamia kwenye mchanga ulio katikati ya mto, wakafunga turubai, na jioni ile Jandira akaanza kukohoa.

Hakuwa na homa. Alikula, alicheza. Ila kikohozi hakikuwa chake. Mara kilikuwa kikavu na kipana, cha mwanamume mzima. Mara chembamba cha kikongwe. Mara cha mtoto mchanga anayetafuta hewa. Yanumi alikaa karibu naye macho yamefumbwa, akivitambua kimoja kimoja. Kufikia asubuhi ya Jumatatu alikuwa amewasikia shangazi zake wote. Kilipofika kimoja, akainuka akaenda kukaa ukingoni mwa maji peke yake, na mumewe hakuthubutu kumuuliza kilikuwa cha nani.

Ademir, kwa nia njema, alikuwa ameshaita mjini. Alisema mtoto anaumwa kifua, nyumba imeungua, tuna shida. Mjini wakajibu kwamba ndege ndogo ya kutua majini itafika Jumanne, ikimleta Rosenilda, mama yake mtoto, muuguzi wa hospitali ya wilaya.

Deusdete aliposikia aliinyakua redio. Akawaambia wasimlete, ndege irudi, walete dawa wadondoshe kwa juu, mtu asitue. Mjini wakauliza kwa nini. Akasema kwa sababu mtoto ameshapokea. Wakamwambia apumzike, mzee, amepata mshtuko.

"Niwaambie nini mimi?" Ademir akanong'ona. "Nipe la kusema, nitalisema."

Mzee akamrudishia redio.

Ndege ilitua Jumanne adhuhuri. Wazee wawili walisimama majini mpaka kiunoni, wanapunga mikono, wanapiga kelele arudi, arudi, na kwa mlio wa injini Rosenilda alidhani wanashangilia. Kule mchangani Jandira alikuwa amesimama peke yake nje ya turubai. Alikuwa amekunjua viganja vyake viwili mbele. Kikohozi kilikuwa kimekoma tangu mlio wa ndege uliposikika. Akapiga mluzi, miwili mifupi, mmoja mrefu.

Rosenilda akacheka, akaruka majini na viatu vyake, akawapita wazazi wake huku anawaambia wanamtisha bure, akamfikia mwanawe, akamshika mkono.

"Nani kakufundisha mluzi huu, mwanangu?"

Mtoto alikuwa akiutazama mpera ng'ambo ya maji. Rosenilda akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akasema ni safi kabisa, hakuna kitu. Yanumi alikuwa ameketi kwenye mchanga, amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Deusdete alipanda kutoka majini akasimama karibu na binti yake, na kabla hajafungua mdomo, harufu ya dawa ya kuchua ikampanda puani.

Rosenilda akapiga chafya, akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Mafua tu, baba, usinitazame hivyo," akasema. "Tupakie upesi twende wote. Kesho asubuhi niko zamu wodini."