Mashine za Vifaranga Haziendi Kariakoo

"Nani kafuta jina langu?"

Dalila alisimama katikati ya godauni, karibu na bandari ya Huangpu. Maboksi yake yote yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe, bado mbichi, na juu ya weupe huo pameandikwa kwa wino mweusi: HAFIDH – DSM.

Ndugu msomaji, katika Guangzhou ya mwaka 1999, huko Uchina, wafanyabiashara wetu walichangia kontena moja watu kadhaa, na mzigo ulijulikana kwa alama tu. Alama ikibadilika, mwenye mali kabadilika.

Hafidh, mchumba wake, ambaye harusi yao Unguja ilikuwa imeshakaribia, alikaa juu ya mzani akimenya chungwa.

"Mimi nimefuta. Nimekuokoa."

"Umeniokoa na nini, mamba?"

"Na Mpanda! Dalila, mtu atoke Uchina na mashine za kutotolesha vifaranga, azipeleke Mpanda? Kule kuna soko gani?"

"Vifaranga wa Mpanda wanatoka Dar kwa treni. Wakifika, nusu wamekufa. Hao waliobaki, shangazi yangu Bimkubwa anayewauza kule hajawashusha bado, watu wameshagombana!"

"Na umeme?"

"Ndiyo maana nimechagua zenye taa ya mafuta. Umeme ukikatika unawasha taa, yai halijui."

Hafidh akacheka, chungwa likamtoka mkononi.

"Kariakoo nimeshapata mteja. Anazitaka zote."

"Kariakoo maduka yamejaa kama kunguni kitandani! Mtazame Tahir, yule Mhindi wa jengo la Tianxiu. Wenzake wote wanapeleka Bombay, wanakabana koo. Yeye anapeleka Bhuj, na miji midogo mingine hata majina yake siyawezi. Walimcheka. Sasa wanamwomba ushirika."

"Tahir hana mchumba wa kumwaibisha," Hafidh alisema, sauti imeshuka. "Wenzangu watasema mke wa Hafidh anauza kuku porini."

"Ahaa! Kumbe ndipo panapouma."

"Sikiliza. Ukirudisha jina lako kwenye hayo maboksi, harusi hakuna."

Mwenye godauni, mzee wa Kichina, hakujua Kiswahili, lakini nyuso alizisoma. Akaanza kurudi nyuma taratibu na kopo lake la wino mweusi.

"Laoban!" Dalila alimwita bosi huyo kwa lugha yake, akanyoosha mkono. "Brashi."

Akapiga mstari juu ya jina la Hafidh kwenye boksi la kwanza, akaandika chini yake: DALILA – MPANDA. Akaandika la pili.

"Unafanya mzaha," Hafidh alisema.

"Nipishe, unanizibia mwanga."

Alipakata kopo, akaandika mpaka boksi la mwisho, akasubiri palepale hadi likaingia kwenye kontena na mlango ukafungwa. Ndipo akapanda teksi hadi Tianxiu, kwenye duka la simu. Hafidh akafuata na teksi yake, shati limemlowa jasho.

"Shikamoo, baba. Mrudishie Hafidh mahari yake."

"Marahaba... Nini? Dalila! Kadi zimeshagawiwa! Mpishi keshapokea mchele!"

Hafidh akamshika mkono wa baibui.

"Mwambie nilitania."

Dalila akaziba simu kwa kiganja.

"Jina langu umelifuta kwa mkono wako, Hafidh. Utani gani wa kupaka rangi maboksi yote?"

Akarudi kwenye simu.

"Baba, kafuta jina langu kwenye mali yangu, na hata hajanioa. Akishanioa atafuta nini?"

Upande wa pili redio ikazimwa. Kisha mzee akakohoa.

"Hizo mashine zimeingia kwenye kontena?"

"Zimeingia. Kwa jina langu."

"Basi mahari yao naipeleka leo, kwa miguu yangu. Lakini wageni, mwanangu! Wageni niwaambie nini?"

Dalila alimtazama Hafidh usoni, akajibu kwa sauti ambayo duka zima lilisikia:

"Waambie waje wale, baba. Na mimi niwekee sahani, nakuja."