Pikapu Iliyoshushwa Chini

Kila walipotoka shule, Ziada na Dickson walibishana juu ya magari mpaka njia panda ya Chilangala. Miaka ile magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kupanda uwanda wa Makonde, na kila gari jipya lilizua mjadala wa wiki nzima. Dickson alikuwa mtu wa Landrova. Ziada alipenda magari ya mbio, yale mafupi yaliyolala chini kama paka anayenyemelea panya.

"Gari lako hilo likipita kwetu, kuku ataliruka," Dickson alimtania.

"Na Landrova yako ina sura ya kabati."

"Kabati linalofika."

Siku moja Ziada alikuwa ametumwa gereji. Mjomba wake, Hamudi, alikuwa amenunua pikapu. Alitaka kuipunguza majani ya springi, vile vyuma vya chini vinavyobeba uzito wa gari, ili ikae chini, aichore miali ya moto ubavuni na kufunga bawa nyuma kama la magari ya mbio. Wazo lilikuwa la Ziada mwenyewe. Lakini kabla ya kuipeleka Masasi kwa mafundi wa mapambo, mjomba alitaka kwanza kusikia neno la Fundi Silvano wa njia panda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Leo umeniletea gari gani?"

Ziada alieleza. Fundi Silvano alifuta mikono yenye grisi, akacheka kidogo. "Miali ya moto na aichore, macho ni yake. Bawa halina kazi, ila halidhuru. Lakini springi asiziguse. Gari la mbio limeundwa kwa ajili ya lami. Njia yetu ina tuta la mchanga katikati. Pikapu ikiinama na mzigo, itatoboka tumbo. Mwambie hivyo hivyo."

Ziada alikwenda nyumbani polepole. Alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba gari la mbio linakuja Chilangala. Mjomba alipomuuliza, alijibu huku akitazama pembeni, "Amesema haina neno."

Baada ya wiki mbili pikapu ilirudi imechuchumaa, ikinguruma kama simba mwenye mafua. Watoto waliikimbilia. Ziada alikaa mbele, shingo juu.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mdogo wake, Mrisho, kutoka jandoni. Kwa desturi yao, mzigo wa siku hiyo ni wa mjomba. Kiangazi kilikuwa kimekolea, na maji yalipatikana bondeni tu, chini ya mteremko wa uwanda. Hamudi alikuwa ameahidi mapipa sita: ya kuwaogesha vijana na ya kupikia wageni. Mjomba asiyetimiza ahadi siku ya jando husemwa mpaka azeeke.

Siku ile ile pikapu iliporudi, Hamudi na Ziada walishuka bondeni, wakapanda mchana, mapipa yamejaa. Pikapu ilikuwa imelala kabisa. Walipofika kwenye mchanga karibu na kijiji, chini kulikwaruza, kisha kishindo. Hamudi alizima injini, akachungulia. Oili ilikuwa ikimwagika mchangani.

Mama mmoja aliyepita na kuni alisimama. "Baba, gari limevaa nguo za ngoma, kazi limeisahau?"

Hamudi alimgeukia Ziada, uso umekunjamana. "Silvano ameniponza. Nilimwamini. Leo nitamwambia mbele ya watu kwamba si fundi."

Ziada alisema, "Mjomba, fundi alikataa. Alisema springi zisiguswe. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Hamudi alisema kwa sauti ya chini, "Nenda nyumba kwa nyumba, uombe watu waje na ndoo. Wakikuuliza kumetokea nini, waambie kama ulivyoniambia mimi."

Ziada alikwenda. Kila mlango alirudia maneno yale yale, na kila mara yalikuwa machungu. Wengine walicheka, lakini walichukua ndoo. Dickson alikuja na mbili. Hata Fundi Silvano alikuja. Kabla jua halijazama, maji ya mapipa yote sita yalikuwa yamefika nyumbani kichwani mwa watu, na Ziada alikwenda safari saba.

Asubuhi Mrisho alitoka jandoni ameoga, anang'aa kwa mafuta, kanzu mpya mwilini. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Wiki iliyofuata Fundi Silvano aliziba tundu, akarudisha majani ya springi. Miali ya moto aliiacha.

"Fundi, bado napenda magari ya mbio," Ziada alisema.

"Yapende. Mazuri yale, kwenye njia zake," alijibu fundi.

Hamudi aliyekuwa akimshikia taa chini ya gari alitokeza kichwa. "Mpwa wangu, kosa la kuchagua vibaya ni langu pia, maana nilipenda sifa. Lakini sikia. Wazee walisema mjumbe hauawi. Hawakusema ana ruhusa ya kuuchonga ujumbe apendavyo. Ukweli usioupenda ufikishe mzima, maana kuna mtu ataanza safari kwa kuutegemea."