Gome la Mti na Udongo wa Mfinyanzi

Duka la rangi lilifurika watu, na aliyeziba foleni alikuwa dada mmoja muuguzi, gauni la kijani, viatu vyeupe vya kazini, kadi mbili za rangi mkononi.

"Dada, chagua basi, tuna kazi zetu!" akafoka Fundi Rangi nyuma yake.

"Kama unajua sana, nichagulie wewe."

Fundi akazitazama: Gome la Mti na Udongo wa Mfinyanzi, zote kahawia iliyokolea. "Hawa mapacha. Ila huyu wa pili ana hasira, ana wekundu kwa ndani. Taa ya dukani inadanganya. Nikupakie zote ukutani, uzitazame asubuhi na jioni, ndipo uamue."

Akampakia vipande viwili, ubavu kwa ubavu, katika chumba cha dada, chenye kitanda kimoja na kikombe kimoja dirishani. Kilimchoma Fundi moyo kile kikombe. Hata kwake kilikuwa kimoja.

Simu zikaanza.

"Fundi wangu, leo Gome limenuna."

"Mawingu hayo, mpenzi. Lisubirishe jua, litacheka."

"Hiyo 'mpenzi' umeitoa wapi?"

"Imeniponyoka. Niirudishe?"

"Iache hapohapo."

Wiki tatu, kila jioni. Lakini kila alipoulizwa ameamua rangi gani, dada alijibu, "Bado." Fundi alikuwa na kiburi cha kazi yake, akaanza kuchemka.

"Unanichezea? Wenzangu wananicheka, chumba kimoja kimenishinda! Chagua, au tafuta fundi mwingine." Akakata simu.

Siku tisa simu haikulia. Fundi aliitoa mfukoni kila saa kuangalia kama ina chaji. Ilikuwa nayo, tele. Alipaka sebule za watu, akasikia vicheko vyao kutoka chumba cha pili, akarudi kwake kimya.

Siku ya kumi akaenda, bila ndoo wala brashi. Dada akafungua mlango, macho yamemvimba.

"Paka yoyote," akasema. "Mimi sijawahi kuona tofauti yao."

"Na kununa kwa Gome?"

"Nilitunga. Ungemaliza ukuta, ningekupigia kwa sababu gani?"

"Nisamehe," akasema Fundi, neno ambalo hakuna mteja aliyewahi kulisikia kwake. "Ningepiga mimi."

"Kusema nini?"

"Kwamba nimerudi nyumbani. Sina wa kumwambia nimerudi."

Dada akasogea pembeni, akampisha mlangoni.

"Niambie mimi basi. Umerudi?"

"Nimerudi."