Watu wa Saruji wa Mzee Cephas

"Nani alikwambia kaka yangu amekufa?"

Lynnet alimuuliza Mzee Cephas. Mzee aliendelea kukoroga saruji yake, asubuhi ya Jumamosi, jua limeshika vizuri.

Lynnet na mwenzake wa chuoni, Terry, walikuwa wamekuja tu kupiga picha. Nani hajasikia habari za nyumba ile nje ya Asumbi, aliyoijenga mzee huyo peke yake kwa chupa na rimu za pikipiki, uwanja umejaa watu wa saruji? Walicheka, wakapozi. Terry akamkumbatia mmoja kiunoni, kisha akamwachilia haraka.

"Lynnet. Huyu si Bravin wenu?"

Alikuwa yeye, hata kovu la kwenye nyusi. Bravin alienda machimbo ya dhahabu Nyatike miaka miwili iliyopita, hakurudi. Wazee wa ukoo walitaka kuzika yago, lile tunda refu linalozikwa badala ya mtu ambaye maiti yake haijapatikana. Mama alikataa katakata.

"Umemwekea yago?" Lynnet aliuliza.

"Kifuani. Wengine huzika, nyathina, mwanangu. Mimi husimamisha. Akisimama hapa, huko aliko haanguki. Usimguse."

"Ushahidi uko wapi, Mzee? Unaua watoto wa wenyewe kwa saruji, halafu unajiita msanii!"

Chuoni hakuna aliyewahi kumnyamazisha Lynnet kwenye mdahalo. Simu yake ikalia. Akaiweka spika.

"Lynnet! Bravin amefika! Amesimama hapa mlangoni, amekonda, lakini ni yeye!" Mama alikuwa analia na kucheka.

"Umesikia, mwongo wewe?" Lynnet alimfokea mzee. Akaokota nyundo ya mzee iliyokuwa kando ya saruji.

Pigo la kwanza lilikata mkono wa Bravin wa saruji.

Mayowe yakatoka kwenye simu. Hasira ilikuwa imemziba masikio.

Pigo la pili, kifua. Yago likadondoka. Lilikuwa linavuja damu.

"Lynnet, wacha! Sikiza simu!" Terry alipaza sauti.

Nyundo ilikuwa hewani tayari.

Kichwa.

Kisha Mama, kwa sauti ndogo sana: "Kichwa chake. Lynnet, kichwa chake kimeenda wapi?"

Waliomwosha Bravin walikuta mgongoni alama za vidole vinne, zimezama ndani ya nyama, kama mtu alikuwa amemshikilia kwa nyuma muda mrefu asianguke.

Mama bado huuliza zile kelele za kugonga alizosikia kwenye simu zilikuwa za nini. Lynnet humjibu ni mafundi wa chuo.

Ukikutana na Mama sokoni Rongo, tafadhali, usimwambie.